UZI: Msikiti, kanisa na sinagogi zikisimama na Wapalestina, kazi yenyewe hufanywaje?

Mwanazeituni (#1)

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu mapigano ya Gaza yasitishwe kwa makubaliano ya Oktoba 2025, nyumba nyingi za ibada zimenyamaza kuhusu Palestina. Mabango yamekunjwa na dua imerudi kuwa sentensi moja mwishoni. Kule Ukingo wa Magharibi mkulima bado anazuiwa kufika kwenye mizeituni yake, na Gaza watu bado wanalala kwenye mahema. Naufungua uzi huu kwa ajili ya waumini wanaotaka kufanya kazi ya kudumu, si ya Ijumaa moja au Jumapili moja.

Msimamo wangu ni huu: vikundi vya dini vilivyodumu ni vile vilivyoombwa jambo mahsusi na Wapalestina wenyewe, vikalishika hilo hilo mwaka baada ya mwaka. Vilivyojitungia kazi kutoka mbali vilichoka haraka.

Nianze na usindikizaji, kwa kuwa hapa kwetu haujulikani sana. Viongozi wa makanisa ya Yerusalemu waliomba watu wa nje waje wasimame nao, na mwaka 2002 Baraza la Makanisa Duniani likaanzisha mpango wa usindikizaji unaojulikana kwa kifupi kama EAPPI. Mtu wa kujitolea huchaguliwa na makanisa ya nchi yake, hufundishwa, kisha hukaa huko miezi 3 katika kikundi kidogo. Huvaa kizibao chenye nembo ili aonekane kutoka mbali. Habebi silaha wala hazozani na askari. Kazi yake ni kuwepo, kuona na kuandika.

Alfajiri, kwenye kizuizi cha ukaguzi kama kile nambari 300 cha Bethlehemu au cha Qalandia, msindikizaji huandika saa ambayo lango limefunguliwa, njia ngapi zinafanya kazi, wangapi wamepita kila nusu saa, wangapi wamerudishwa na sababu waliyopewa. Ripoti inayosema "hali ilikuwa mbaya" haimsaidii mtu. Ripoti inayosema njia 2 tu kati ya zote zilifanya kazi kuanzia saa 10 hadi saa 12 alfajiri inaweza kuwekwa mezani mbele ya shirika la Umoja wa Mataifa au mbunge, na ikajibiwa. Baadaye mchana kuna kuwasindikiza watoto shuleni na wachungaji wa mifugo malishoni.

Nusu ya pili ya kazi huanza mtu akirudi nyumbani. Anatakiwa azungumze kwenye sharika, magazetini, kwa wabunge. Anayerudi akanyamaza ameitupa nusu ya gharama iliyotumika kumpeleka.

Upungufu upo. Muda ni miezi 3 kwa sababu ndio muda wa kawaida wa kibali cha mgeni. Wenyeji huzoea sura, kisha sura hiyo huondoka. Dawa yake ni kukabidhiana: aliyepo na anayekuja wapishane siku kadhaa, na daftari la majina ya familia, njia na saa lipite mkono kwa mkono. Tena kuna mahali ulinzi wa kizibao unakwisha. Mwanzoni mwa 2019 mpango huu uliwaondoa watu wake Hebroni kwa sababu ya kusumbuliwa na askari na walowezi, yaani Waisraeli waliohamia kuishi kwenye ardhi ya Wapalestina. Mwezi huo huo Israeli ilikataa kuongeza muda wa waangalizi wa kimataifa waliokuwa mjini humo tangu miaka ya 1990.

---

Msafiri_wa_Mlimani (#2)

Ahsante mkuu. Umegusa mizeituni ukapita. Ni kweli watu wa dini huenda kuvuna? Na askari wakija na karatasi ya kufunga eneo, mgeni anafanya nini?

---

Mwanazeituni (#3)

Ndiyo mkuu, na hapa ndipo marabi wameingia kwa nguvu. Rabbis for Human Rights, chama cha marabi wa Israeli kilichoanzishwa 1988, huwapeleka Waisraeli na wageni kuvuna pamoja na Wapalestina kila msimu, Oktoba na Novemba. Kesi ambayo chama hicho kilishiriki iliifikia Mahakama Kuu ya Israeli, na mwaka 2006 mahakama ikasema jeshi haliwezi kumfungia mkulima shamba lake kwa hoja kwamba linamlinda dhidi ya walowezi. Wajibu wake ni kumlinda akiwa shambani, anafanya kazi yake. Hukumu hiyo bado hutajwa shambani hadi leo, ingawa kuitekeleza ni jambo jingine kabisa.

Shamba lililo karibu na makazi ya walowezi huhitaji "uratibu", yaani jeshi hupanga siku ambazo mwenyewe anaruhusiwa kuingia. Familia inayohitaji siku 6 hupewa 2. Ndipo wageni wanapofaa: mikono 15 badala ya 4, na macho ya ziada. Tangu Oktoba 2023 mashamba mengi hayakupewa hata hizo siku 2.

Vifaa ni turubai za kutandaza chini ya mti, vichana vya mkono, ngazi, ndoo na magunia. Usiupige mti kwa fimbo: unavunja vitawi vichanga ambavyo ndivyo vitakavyozaa msimu ujao, na mzeituni wenyewe una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Zeituni zikivunwa zifike kinuni haraka, siku ile ile au kesho yake, la sivyo zinapata joto ndani ya gunia na mafuta yanakuwa makali. Kwa kawaida kilo 4 hadi 6 hutoa lita 1. Mgeni akijua hivi, ataelewa kwa nini siku moja ya kuzuiwa ni hasara ya mwaka mzima.

Kuhusu karatasi: amri ya eneo la kijeshi lililofungwa inatakiwa iwe na saini, tarehe, muda na ramani. Omba kuiona kwa adabu, ipigwe picha, angalia kama shamba mliposimama limo ndani ya mstari. Kisha uamuzi ni wa mkulima peke yake. Akisema tuondoke, mnaondoka hata kama mnaamini amri ni batili. Mgeni atapanda ndege, yeye atalala pale pale na askari wale wale watarudi. Kosa kubwa la wageni wenye moyo mzuri ni kubishana na askari kwa niaba ya mtu ambaye hakuwatuma.

Walowezi wakija kwa fujo, kaeni pamoja, kamera zikiwa zinarekodi, wazee na watoto wakiwa katikati. Hakuna kujibu tusi wala kuokota jiwe. Mmoja aliyepangwa tangu asubuhi ndiye anayepiga simu polisi na kwa wanasheria. Watu watano wakipiga simu kwa pamoja wanatoa maelezo matano yasiyofanana.

---

Karani_wa_Usharika (#4)

Mchango wangu ni kwenye fedha, kwa maana ya akiba na hisa za makanisa, si sadaka.

Mfano ulioandikwa vizuri zaidi ni wa Kanisa la Presbiteri la Marekani (PCUSA). Mwaka 2004 mkutano mkuu wao uliagiza kamati ya uwekezaji ianze kuzungumza na kampuni ambazo bidhaa zake zinatumika kwenye ukaliaji wa ardhi ya Wapalestina. Utaratibu ulikuwa hatua kwa hatua: kuchunguza kampuni inauza nini na kwa nani, kuiandikia barua, kukaa na wakuu wake, kupeleka hoja kwenye mkutano wa wanahisa, na mwisho kabisa kupendekeza kuuza hisa. Mwaka 2012 pendekezo lilishindwa kwa kura 333 dhidi ya 331. Wakarudi kazini. Mwaka 2014 likapita kwa 310 dhidi ya 303, wakauza hisa za Caterpillar, Hewlett-Packard na Motorola Solutions zenye thamani ya takriban dola milioni 21. Mwaka 2015 United Church of Christ, kanisa jingine la Marekani, ikapitisha azimio lake, na 2016 mfuko wa pensheni wa Wamethodisti wa Marekani ukaziondoa benki 5 za Israeli kwenye orodha yake.

Angalieni miaka hiyo: 2004 hadi 2014. Miaka 10 kwa kampuni 3. Waliokuwa wakiharakisha mwaka 2005 wangeshindwa, kwa sababu wajumbe wengi walishawishika na ushahidi kwamba mazungumzo yalijaribiwa kweli na kampuni hazikubadilika. Kila barua iliyoandikwa na kujibiwa vibaya ilikuwa kura.

Kwa sharika na mifuko ya kwetu yenye hati fungani au hisa, hatua ya kwanza si azimio. Ni kumwomba mhasibu orodha kamili ya mahali fedha zilipo, ikiwemo zilizo ndani ya mifuko ya pamoja, kisha kuilinganisha na hifadhidata ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kuhusu kampuni zinazofanya biashara na makazi ya walowezi. Ilitoka mara ya kwanza Februari 2020 ikiwa na kampuni 112, na ya Septemba 2025 ilikuwa na 158. Usharika ukipitisha azimio bila orodha, unaaibika mtu akiuliza, "Tuna hisa gani huko?" na jibu likawa hatuna.

---

Ukweli_Wazi (#5)

Nauliza kwa nia njema kabisa. Makanisa mengi ya kiroho hapa Tanzania na Kenya yanapeperusha bendera ya Israeli madhabahuni. Wanasoma Mwanzo 12:3, "Nami nitawabariki wakubarikio." Halafu kuna vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda kusomea kilimo kule, wakauawa katika shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023. Mtu anaanzia wapi kuzungumza na waumini wa namna hiyo?

---

Karani_wa_Usharika (#6)

Ndugu yangu, aanze na hao vijana wawili. Asiwaruke. Watu takriban 1,200 waliuawa siku ile na 251 wakachukuliwa mateka, na mhubiri anayeanza hesabu yake Oktoba 8 amepoteza nusu ya wasikilizaji wake, na anastahili kuwapoteza. Akishawataja kwa heshima, ndipo ataje maelfu kwa maelfu ya waliouawa Gaza, na watu watamsikiliza kwa sababu wamejua anamlilia kila mtu.

Kwenye Maandiko, asianze kwa kubomoa. Wakristo wa Palestina wenyewe wameandika. Agosti 2006 viongozi 4 wa makanisa ya Yerusalemu, akiwemo Patriaki wa Kilatini Michel Sabbah na Askofu Munib Younan wa Walutheri, walitoa tamko wakikataa mafundisho yanayoifanya Injili kuwa kibali cha kuteka ardhi. Desemba 2009 pale Bethlehemu wakatoa waraka wa Kairos Palestina, kwa mfano wa waraka wa Kairos wa Afrika Kusini wa 1985. Usomeni kwenye jumuiya kwa vipindi 4: imani, tumaini, upendo, na wito kwa makanisa ya dunia. Sehemu ya upendo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu inamtaka anayeonewa apinge uonevu bila kumchukia adui. Kisha someni Wagalatia 3 yote, hasa mstari wa 16 na wa 29, mkiuliza Paulo anasema mzao wa Ibrahimu ni nani.

Bendera msiishushe kwa nguvu. Wekeni swali: Wakristo wa Bethlehemu wakiingia humu Jumapili, wataelewa nini?

---

NuruYaPwani (#7)

Shukran kwa uzi huu. Nizungumzie kususia bidhaa, maana kila Ramadhani ikikaribia tende ndizo huleta ubishi mkubwa.

Uingereza, Friends of Al-Aqsa wa Leicester, jumuiya iliyoanzishwa 1997, wana kampeni ya kuwataka Waislamu wasome lebo za tende kabla ya kununua. Tende kubwa za Medjool hulimwa sana Bonde la Yordani, na sehemu yake hutoka kwenye mashamba ya walowezi. Katika Umoja wa Ulaya, mahakama yao ya haki iliamua Novemba 2019 kwamba chakula kutoka makazi ya walowezi kitaje hivyo kwenye lebo, si kuandika "Israeli" tu.

Sasa kosa linalorudiwa kila mwaka kwenye makundi ya WhatsApp: "Tazama msimbo unaoanza na 729." Tarakimu hizo zinaonyesha msimbo ulisajiliwa wapi, hazionyeshi tunda lilikolimwa. Tende za walowezi zinaweza kufungwa upya nchi nyingine na kupata msimbo wa huko. Soma maneno "zimelimwa" na "zimefungashwa", tafuta jina la msafirishaji, na muulize mwenye duka. Akisema hajui, mwombe aulize kwa muuzaji wake wa jumla, umrudie wiki ijayo.

Kosa la pili ni kususia tende zote za eneo lile. Wapalestina wa Yeriko nao wanalima Medjool na wanategemea soko hilo hilo. Msikiti unaweza kuagiza kwa pamoja kabla ya Shaabani kwisha, lakini hakikisheni majina ya vyama vya wakulima kwanza.

Na jambo la tatu, nalisema kwa uzito: kususia ni kwa kampuni na bidhaa zinazohusika. Muuza duka Myahudi, sinagogi la Nairobi, mtalii mwenye kofia ndogo ya Kiyahudi, hao hawahusiki na hawaguswi. Atakayeleta maneno ya kuwatukana Mayahudi kwenye mimbari anyamazishwe na imamu palepale. Marabi na vijana wa Jewish Voice for Peace, shirika la Wayahudi wa Marekani, walikamatwa kwa mamia Washington na New York Oktoba 2023 wakidai mapigano yasitishwe. Aprili 2024, wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, marabi walijaribu kupeleka chakula Gaza kwa miguu kupitia kivuko cha Erez. Hao tutawaangaliaje usoni?

---

MamaParokia (#8)

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa Wakatoliki wenzangu: wengi tunatoa tayari na hatujui. Sadaka ya Ijumaa Kuu ni kwa ajili ya Nchi Takatifu, kwa utaratibu uliowekwa sawa na Papa Paulo VI mwaka 1974. Asilimia 65 huenda kwa Wafransisko wanaolinda mahali patakatifu, na asilimia 35 kwa ofisi ya Vatikano inayoshughulikia Makanisa ya Mashariki. Hulipia shule, nyumba za familia maskini, parokia na matunzo ya makanisa, si Palestina tu bali na nchi jirani. Shida yake ni tangazo: hutolewa kwa sekunde 10 kabla ya kubusu msalaba. Kamati ya haki na amani iombe dakika 5 Jumapili ya Matawi, ieleze fedha inakwenda wapi.

Anayetaka mchango ufike Gaza moja kwa moja apitie Patriaki ya Kilatini ya Yerusalemu, yaani jimbo la Wakatoliki wa huko, au Caritas ya Yerusalemu. Parokia ya Familia Takatifu ya Gaza ndiyo ile ambayo Papa Fransisko aliipigia simu karibu kila jioni tangu Oktoba 2023 hadi siku zake za mwisho, na ndiyo iliyopigwa Julai 17, 2025, wakafa watu 3.

Walutheri nao wana njia yao. Hospitali ya Augusta Victoria juu ya Mlima wa Mizeituni ni ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo KKKT ni mmoja wa wanachama wake wakubwa. Ndiko wagonjwa wa saratani kutoka Ukingo wa Magharibi, na Gaza walipokuwa wakiruhusiwa kutoka, hupewa tiba ya mionzi. Waanglikana wana hospitali ya Al-Ahli huko Gaza, iliyo chini ya dayosisi yao ya Yerusalemu. Hatuhitaji kuunda mfuko mpya wenye jina zuri. Tuulize dayosisi zetu: tunaunganishwaje na hospitali hizi?

---

Msafiri_wa_Mlimani (#9)

Dada, hapo kwenye mfuko mpya umenigusa. Michango inakwama benki kila mara. Kuna utaratibu?

---

MamaParokia (#10)

Upo, na kukwama huwa kuna sababu tatu.

Ya kwanza, fedha ziliingia kwenye akaunti au simu ya mtu binafsi. Benki ikiona mafungu madogo 400 kutoka kwa watu tofauti, kisha fungu moja kubwa linatoka nje ya nchi, mfumo unashtuka. Fungueni akaunti ya taasisi yenye waweka saini 3 ambao wawili lazima wasaini, na mpeleke benki barua ya taasisi na nakala ya makubaliano na mpokeaji kabla ya kukusanya.

Ya pili, mpokeaji hajulikani. Kitengo cha Udhibiti wa Fedha Haramu kwa Tanzania, na benki ya nje inayopitisha dola kule New York, wote wanaweza kuuliza anayelipwa ni nani. Taasisi iliyosajiliwa, yenye hesabu zilizokaguliwa, hupita. Namba ya mtu aliyeonekana mtandaoni akiwa kwenye hema haipiti, hata kama mtu huyo ni mkweli na ana njaa kweli.

Ya tatu, sehemu ya maelezo kwenye fomu ya benki. Watu huandika kauli mbiu. Andikeni kitu halisi: msaada wa dawa, jina la hospitali, namba ya makubaliano. Msifiche neno Gaza, kwa maana kuficha kukigundulika ni kubaya zaidi, lakini liandikwe ndani ya maelezo kamili.

Baada ya kutuma, risiti ibandikwe ubaoni ndani ya siku 7, ikionyesha kilichokusanywa, makato ya benki na kilichofika. Kwa Waislamu, zaka isichanganywe na sadaka ya kawaida. Ina mafungu yake 8 ya wanaostahiki, hivyo iwe na daftari na akaunti yake. Gharama za mabango na usafiri wa kamati zisitoke humo.

---

NuruYaPwani (#11)

Niongeze kuhusu maandamano, kwa kifupi. Kenya, ibara ya 37 ya Katiba inalinda haki hiyo, na sheria ya usalama wa umma inataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na shughuli iwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Tanzania, taarifa ya maandishi isipungue saa 48. Pelekeni nakala 2, moja igongwe muhuri mkae nayo. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, na muwe na mpango wa pili ndani ya uwanja wa msikiti au kanisa. Mkesha wa kusoma majina ya waliokufa hauhitaji barabara, na mara nyingi unagusa zaidi.

Mabango yapitiwe na watu wawili kabla ya kutoka. Bendera za vikundi vyenye silaha hapana.

Barua kwa mbunge iwe ukurasa 1, ombi 1. Lililo wazi zaidi sasa ni maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Julai 19, 2024 kwamba ukaliaji ni kinyume cha sheria na mataifa yasiusaidie. Ulizeni serikali imechukua hatua gani tangu siku hiyo. Mpelekeeni mapema Novemba, ili awe nayo kabla ya Novemba 29, siku ya kimataifa ya mshikamano na Wapalestina iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1977. Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli 1973 na kuurejesha 1995, kwa hiyo mbunge wa huku hawezi kusema jambo hili ni geni kwetu.

---

Ukweli_Wazi (#12)

Nimeelewa sana. Kanisa letu hupeleka mahujaji Nchi Takatifu karibu kila mwaka. Hiyo safari inaweza kusaidia?

---

Mwanazeituni (#13)

Inaweza, tena sana, kwa sababu Wakristo wa Bethlehemu wanaishi kwa wageni na kwa kuchonga mbao za mzeituni. Safari nyingi huingia Bethlehemu kwa muda wa saa 3 tu, zikaangalia Kanisa la Kuzaliwa, zikatoka kulala Yerusalemu au Tiberia. Mwambieni wakala abadilishe mambo manne: angalau usiku 3 mlale Bethlehemu au Beit Sahour, kiongozi wa msafara kwa siku hizo awe Mpalestina mwenye leseni, Jumapili msali na usharika wa wenyeji, mkipanga na mchungaji wao wiki kadhaa mapema, na michongo mnunue kwenye karakana, si kwenye duka ambalo dereva analipwa kwa kuwaleta. Beit Sahour kuna Alternative Tourism Group, iliyoanzishwa 1995, inayopanga safari za namna hiyo.

Mkiwa karibu, shamba la familia ya Nassar karibu na Nahalin hupokea wageni. Babu yao alilinunua 1916, wamekuwa mahakamani tangu 1991 kulitetea, na kwenye jiwe la langoni wameandika kwamba wanakataa kuwa maadui. Mei 2014 miti yao ya matunda zaidi ya elfu moja iling'olewa kwa matingatinga. Wageni hupanda miti. Chukueni viatu vya kazi.

Tahadhari: sheria ya Israeli ya Machi 2017 inaruhusu kumzuia mgeni aliyetoa wito wa kususia. Hata kabla ya sheria hiyo, Desemba 2016, Isabel Apawo Phiri wa Malawi, naibu katibu mkuu wa Baraza la Makanisa Duniani, alirudishwa kutoka uwanja wa Ben Gurion. Kwa hiyo msichanganye kazi: anayesimamia kampeni ya kususia asiwe ndiye kiongozi wa hija. Na msidanganye mkiulizwa. Mnakwenda kuhiji na kusali na Wakristo wenzenu, na hiyo ndiyo kweli.

---

Ustadh_Mkunguni (#14)

Assalaam alaykum. Mengi yamesemwa, nibakishe la ibada, kwani maimamu wengi huuliza.

Kunuti ya misiba, yaani dua ya ndani ya swala wakati wa balaa, kwa madhehebu yetu ya Shafii hapa pwani, husomwa katika swala zote tano, kwenye rakaa ya mwisho baada ya kuinuka kutoka rukuu. Imamu huisoma kwa sauti na maamuma, yaani wanaoswali nyuma yake, huitikia amin. Iwe fupi: dakika mbili hadi tatu. Nyuma kuna wazee, wagonjwa na wenye kuwahi kazini, na kunuti ya robo saa huwafanya watu wahamie msikiti mwingine. Isomwe maadamu msiba upo, na waumini waelezwe kwanza, kwani bila maelezo wako watakaosujudu wakati imamu ameinua mikono.

Swala ya maiti aliye mbali inajuzu kwetu na kwa Mahanbali. Mahanafi na Mamaliki hawaioni hivyo. Katika msikiti wenye watu wa madhehebu mchanganyiko, tangazeni kabla, iswaliwe baada ya watu kumaliza sunna, na asiyeiona inajuzu aondoke bila kuangaliwa vibaya.

Kwenye dua, tajeni mahali kwa jina: Gaza, Jenin, Khan Younis, Hebroni. Waliofiwa wa pande zote waombewe subira. Na khatibu amkabidhi katibu, kabla ya kushuka mimbari, karatasi yenye jambo moja la kufanywa wiki hiyo na jina la atakayelisimamia, lisomwe baada ya swala watu wakiwa bado wamekaa.